Kipimo cha maneno kwa dakika kinamwonea mtoto anayesoma Kiswahili

Wiki mbili zilizopita mjukuu wangu aliye Gredi ya 2 alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mtoto akikunja karatasi mara nne, ujue habari iliyomo si njema. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba katika kusoma Kiswahili kijana yuko chini ya matarajio, na wazazi wanaombwa wamsaidie nyumbani. Katika kusoma Kiingereza alikuwa amesifiwa. Binti yangu alinitazama kana kwamba kosa ni langu. "Baba, wewe umefundisha Kiswahili chuo kikuu miaka yote hii. Leo mjukuu wako anashindwa na Kiswahili?"

Nilimwita kijana mezani, nikamwomba anisomee ile aya aliyopimwa nayo. Akasoma. Polepole, kidole chini ya mstari, lakini akasoma. Kila silabi aliitamka sawa. Alipofika mwisho wa neno refu alirudi mwanzo, akaliunganisha, akainua macho kuona kama nimeridhika, kisha akaendelea. Nilitafuta kosa la kumsahihisha nikalikosa. Ndipo nikamuuliza alivyopimwa. "Mwalimu anaweka saa kwa simu, Babu. Halafu anahesabu maneno."

Basi hapo ndipo penye kiini cha makala yangu leo. Anahesabu maneno. Lakini neno ni nini?

Mwalimu huyo simlaumu hata kidogo. Kuhesabu maneno sahihi kwa dakika ni kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, na hapa kwetu kilienea sana kupitia mradi wa Tusome, ambao ulianza kutekelezwa katika shule za msingi za umma kote nchini 2015. Mradi huo ulifanya mengi ya maana: uliwapa watoto vitabu vyao wenyewe mikononi, tena ukawapa walimu maafisa wa kuwatembelea darasani. Kigezo chake kilikuwa kwamba msomaji fasaha wa madarasa ya chini asome maneno 65 sahihi ya Kiingereza kwa dakika, na maneno 45 ya Kiswahili. Tazama tofauti hiyo, 65 kwa 45. Kwa hiyo waliopanga vigezo walijua, au angalau takwimu ziliwalazimisha kujua, kwamba neno la Kiswahili na la Kiingereza si mzigo mmoja. Shida ni kwamba maarifa hayo yaliishia kwenye tarakimu. Hayakufika kwenye aya za kupimia, wala kwenye vitabu vya hadithi, wala kwa mzazi anayeletewa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Hebu chukua Kiingereza cha sentensi hii: *we will not read to them*. Maneno sita, silabi sita. Mtoto akiisoma anaandikiwa sita. Sasa isome kwa Kiswahili: *hatutawasomea*. Silabi saba, ha-tu-ta-wa-so-me-a, na mtoto anaandikiwa moja. Akikwama kwenye silabi ya sita, anaandikiwa sufuri. Mwenzake wa Kiingereza akikwama kwenye neno la sita, tayari ana alama tano mfukoni.

Huenda ukasema, basi ndiyo sababu kigezo kikashushwa hadi 45. Sawa. Lakini kushusha kigezo kunalinganisha lugha na lugha tu. Hakulinganishi aya na aya ndani ya Kiswahili chenyewe, na huko ndiko watoto wetu wanakoumizwa. Tazama sentensi mbili nilizotunga mwenyewe, kila moja ina maneno matano:

*Kuku wa mama ni wawili.*

*Walipomwangalia hakuwajibu, wakanyamaza wakamsubiri nje.*

Ya kwanza ina silabi tisa. Ya pili ina ishirini na tano. Ukipima darasa moja Januari kwa sentensi za aina ya kwanza, na Machi kwa sentensi za aina ya pili, utatangaza kwamba watoto wamerudi nyuma, uitishe mkutano wa wazazi, na kumbe kilichobadilika ni aya. Ile aya ya mjukuu wangu ilikuwa imejaa vitenzi vya sampuli ya *wakamsubiri*. Nilimwandikia nyingine yenye maneno idadi ile ile, ya kuku na paka na chapati za mama yake. Aliisoma upesi hata akaniuliza kama hiyo ya pili ni ya Gredi ya 1.

Wazulu na Wapedi wa Afrika Kusini wanatufundisha jambo hapa. Lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili, na sarufi zao zinakaribiana, lakini tahajia zao zinatofautiana. Mzulu akitaka kuandika "ninakupenda" huandika neno moja, *ngiyakuthanda*. Mpedi huandika maneno manne, *ke a go rata*. Viambishi ni vile vile kimsingi; mmoja anaviunganisha, mwingine anaviachia nafasi. Kuunganisha au kutenganisha ni uamuzi wa waliounda tahajia, si kipawa cha mtoto. Kwa hiyo Waafrika Kusini walipoweka vigezo vya kusoma, hawakuweka kimoja kwa lugha zote. Mwisho wa Gredi ya 3, mtoto wa lugha za kundi la Kizulu na Kixhosa anatarajiwa kufikia maneno 35 kwa dakika. Wa kundi la Kisotho, Kisetswana na Kipedi, 60. Hakuna anayesema Mzulu ni mzito wa kusoma. Mimi nasema sisi wa Kiswahili tumo katika kambi ya Mzulu, na tuwatendee watoto wetu hivyo.

Wenzangu wengi wa Idara za Kiswahili wana jibu moja la haraka kwa mambo haya: Kiswahili ni rahisi kusoma kwa sababu kinasomwa kinavyoandikwa. Nimelitoa jibu hilo mwenyewe, tena kwa kujigamba, mbele ya wageni. Na lina ukweli. Philip Seymour na wenzake walipolinganisha kujifunza kusoma katika tahajia kumi na tatu za Ulaya, katika utafiti uliochapishwa 2003, waligundua kwamba watoto wa Kifini walikuwa wakisoma takribani kila neno la kawaida mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni, ilhali watoto wa Uskoti wanaosoma Kiingereza walikuwa wakisoma kama thuluthi moja tu. Tahajia isiyo na hila humsaidia mtoto. Hilo halina ubishi.

Lakini mwaka huo huo wa 2003, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha makala kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, na anwani yake ilikuwa ikituonya kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya utaratibu si kazi ndogo. Baadaye wakarudi kwenye suala la konsonanti zinazoandamana. Na kweli, mwalimu yeyote wa madarasa ya chini atakuambia mahali watoto wanapokwama. Hawakwami kwenye *kibiriti*. Ki-bi-ri-ti: herufi nane, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kama mtoto anayeruka kamba. Wanakwama kwenye *mbwa*, herufi nne tu. Wanakwama kwenye *nywa*. Wanakwama kwenye *ng'ombe*, mnyama ambaye kila mwandishi wa kitabu cha kwanza humfikiria mapema kwa sababu kila mtoto anamjua. Ndiyo, anamjua malishoni. Kwenye ukurasa, ng'ombe ni n, ni g, ni ritifaa inayoning'inia juu kama nzi, ni o, halafu mb inayopaswa kutamkwa pamoja. Mtoto ambaye jana alifundishwa *ngoma* ataona *ng'ombe* na kusema *ngombe*, na kwa akili yake yuko sahihi kabisa. (Mtoto wa Murang'a ana nafuu kidogo: ritifaa hiyo huiona kwenye vibao vya barabarani.)

Kisha kuna hili ambalo hata sisi watu wazima hatulitambui kwa kuwa tumelizoea. Herufi *mb* si kitu kimoja. Katika *mbuzi* zinaingia pamoja katika silabi ya kwanza, mbu-zi. Katika *mbu*, m inasimama peke yake kama silabi, m-bu, na ndiyo inayobeba mkazo. Mdudu na mnyama wameanza na herufi zile zile tatu, lakini mdomo unafanya kazi mbili tofauti. Neno *mbuni* ndilo linalonichekesha zaidi. Akiwa ndege, ni mbu-ni, silabi mbili. Akiwa mtu anayebuni, ni m-bu-ni, silabi tatu. Hakuna alama kwenye karatasi inayomwambia mtoto ni yupi. Lazima ajue habari inamhusu nani kabla ya kujua atamke vipi. Hiyo ndiyo lugha tunayosema inasomwa kinavyoandikwa!

Sipendekezi tubadili tahajia. Ninachosema ni kwamba urefu wa neno kwa herufi hautuambii ugumu wake. *Nge* ni gumu kuliko *matatu*. Mwandishi anayechagua maneno mafupi akidhani amechagua mepesi anafuata desturi ya Kiingereza, ambako maneno mengi ya kwanza ya mtoto ni mafupi.

Turudi kwenye vitenzi, maana huko ndiko kwenye utajiri na ndiko kwenye mateso. Msomaji mchanga husoma kwa silabi na kuzishika kichwani mpaka neno liishe. Silabi mbili au tatu anaweza kuzishika. Zikifika saba, anapoikamata ya mwisho ile ya kwanza imeshamponyoka. Sasa, Kiswahili kinaweka nini mwanzoni mwa kitenzi? Kinaweka nani, na kinaweka ndiyo au la. Ondoa *ha* kwenye *hatutawasomea* unabaki na *tutawasomea*, ambayo ni kinyume chake. Mtoto aliyesahau silabi moja hakukosea kidogo. Amegeuza habari juu chini. Na mwishoni tumeficha mambo mengine. *Amina aliita* na *Amina aliitwa* zinatofautiana kwa w moja, na hiyo w ndiyo inayotuambia ni nani aliyepaza sauti. Unapomuuliza mtoto swali la ufahamu, "Nani aliita?", akajibu vibaya, usikimbilie kusema haelewi anachosoma. Huenda jicho lake liliruka w.

Kuna jambo jingine linalohusu mara ngapi mtoto anakutana na neno. Msomaji mzoefu hasomi silabi. Anayatambua maneno kwa sura, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo. Sura hiyo inajengwa kwa kukutana tena na tena. Mtoto wa Kiingereza atakutana na *the* mara nyingi katika ukurasa mmoja, na *read* itabaki *read*. Mtoto wa Kiswahili atakutana na *anasoma*, kisha *walisoma*, kisha *tusome*, *amesomewa*, *hawakusoma*, *kinachosomwa*. Kwa jicho lake haya ni maneno sita mapya, kila moja anakutana nalo mara moja. Kinachorudiwa ni *som*, na hicho hakuna aliyemwonyesha. Sisi tuliosomeshwa kwa *ba be bi bo bu*, tukiimba darasa zima huku mwalimu akigonga ubao kwa kijiti, tulifundishwa kukata *a-na-so-ma*. Kukata hivyo ni sawa kwa kutamka. Lakini maana haikatiki hapo. Maana inakatika *a-na-som-a*: nani, lini, kufanya nini. Hakuna mtoto wa Gredi ya 1 anayehitaji kusikia neno "kiambishi". Anachohitaji ni kuona ukurasa wenye *Anasoma. Wanasoma. Tunasoma.*, picha tatu pembeni, na kugundua mwenyewe kwamba mkia haukubadilika.

Nikiwa na mawazo hayo nilikwenda duka la vitabu jijini kutafuta cha kumnunulia mjukuu. Nilirudi na kitabu cha ziada cha hadithi ambacho jalada lake linasema ni cha kiwango cha chini kabisa. Sitakitaja, wala mchapishaji wake, kwa kuwa nilivyovifungua vingi vilikuwa na tatizo lilo hilo. Hadithi yenyewe ni tamu. Watoto wa mjini wanakwenda kumtembelea nyanya yao pwani, mmoja anaogopa mnazi, mbuzi anakula kofia ya babu. Michoro ni ya kupendeza, na mjukuu wangu alicheka kwenye picha ya kofia kabla hajasoma neno. Mwandishi anajua watoto wanachekeshwa na nini, na hicho ni kipaji ambacho maprofesa wengi hatuna.

Ila ni wazi aliambiwa asizidishe idadi fulani ya maneno katika kila ukurasa, akatii. Ili atii, alibana. Pale ambapo angetumia sentensi mbili fupi, ametumia kitenzi kimoja kilichobeba kila mtu: watoto *walipomwamkia* nyanya, naye *akawakaribisha*. Maneno machache, ndiyo. Silabi chungu nzima. Halafu kwenye ukurasa wa mnazi akamleta *mkwezi*. Neno zuri, na mtoto wa Kilifi au Kwale analo. Mjukuu wangu wa Nairobi hana. Kwa hiyo alikutana na m inayosimama peke yake, kw inayoandamana, na maana asiyoijua, yote katika neno moja. Mtoto anapolijua neno kwa masikio, akishasoma *ma-nda* anamalizia *zi* mwenyewe, kwa sababu mandazi anayala. Asipolijua, hana cha kumalizia. Namna bora ya kumleta mkwezi ilikuwa kumchora mtini, kumwita "mtu wa kupanda minazi", kisha kumpa jina lake kurasa mbili mbele.

Na *walipomwamkia*? Mwandishi angewaacha watoto waseme wenyewe. *"Shikamoo, nyanya!" Nyanya alifurahi.* Maneno yameongezeka, silabi zimegawanyika vipande vinavyoshikika, na hadithi imepata uhai kwa sababu sasa tunawasikia. Mhariri mwenye kikomo cha maneno angeyakata. Mhariri anayehesabu silabi kwa kila neno, na anayejiuliza ni vitenzi vingapi vipya vimo katika ukurasa, angeyaacha.

Najua kuna atakayesema ninataka watoto walishwe uji mpaka wakue. La. *Walipomwamkia* ni Kiswahili chenyewe. Mtoto asipokutana na neno kama hilo Gredi ya 3 na ya 4, tutakuwa tumemfundisha lugha ya kuku na paka tu, na atakutana na gazeti hili akidhani ni la nchi nyingine. Ninachodai ni mpangilio. Mpe *wakaja* kabla ya *wakamjia*, na *wakamjia* kabla ya *walipomjia*. Mzizi ubaki, nguo zibadilike moja moja. Na kipimo kiseme kinapima nini: kama ni kasi, zihesabiwe silabi zilizosomwa sawa kwa dakika, kama ni ufahamu, mtoto aachwe asome kwa mwendo wake kisha aulizwe. Hesabu ya silabi si kazi ngumu kwa Kiswahili, maana karibu kila irabu ni silabi, ukijumlisha zile m na n zinazosimama peke yake. Mwalimu anaweza kuiandika pembeni mwa aya mara moja, ikamtumikia miaka.

Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, ndiyo inayoidhinisha vitabu vinavyoingia madarasani. Ningependa kuona fomu ya mtathmini ikiwa na nafasi ya mambo mawili: wastani wa silabi kwa neno, na orodha ya konsonanti mwambatano zinazojitokeza kwa mara ya kwanza. Mtathmini anayejua kazi yake atajaza hayo kwa jioni moja, na mwandishi atajua mapema kwamba atahesabiwa silabi.

Mjukuu anaendelea. Jana jioni alikuwa akinisomea kitabu cha ndege, akafika kwenye *mbuni*, akatamka m-bu-ni, akasimama, akaitazama picha ya shingo ndefu, akarudia mwenyewe: mbu-ni. Sikusema kitu. Jumatatu binti yangu na mimi tuna miadi na mwalimu wake. Nimeziweka zile aya mbili kwenye bahasha, idadi ya silabi nimeiandika kwa penseli chini ya kila mstari, na nitamwomba tu awasomeshe darasa zima aya zote mbili huku saa ikiwa pale pale.